Jinsi ya Kulisoma Jina la Ukoo la Kiayalandi

Hata kama hujawahi kukanyaga Dublin, majina ya Kiayalandi unayajua. Yamejaa migongoni mwa wachezaji wa ligi ya Uingereza: Keane, Kane, Rooney, O'Shea, Coleman, Gallagher. Ukiwa Kenya umesikia habari za Brother Colm O'Connell, mtawa aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha darasani akaishia kuwanoa wakimbiaji, David Rudisha akiwamo. Wakatoliki wa Nairobi wanamkumbuka Askofu Mkuu John McCarthy, aliyemtangulia Kardinali Otunga, na Edel Quinn wa Lejio ya Maria aliyefia mjini humo mwaka 1944. (Hiyo Lejio usiichanganye na kanisa la Legio Maria lililozaliwa Nyanza miaka ya sitini.) Wengine wana mkwe, mwalimu wa zamani au jirani wa ughaibuni mwenye jina la namna hiyo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua jina kama hilo limetoka wapi na linasema nini.

Nianze na onyo: usikimbilie maana. Najua ndiyo inayotamanisha, na orodha zake ni nyingi: Murphy ni "shujaa wa baharini", Kennedy ni "kichwa kibaya" au "kichwa chenye helmeti", Rooney ni "bingwa". Si uongo, ila zinakueleza jina la mtu mmoja tu, babu aliyeishi miaka elfu iliyopita, ambaye wazazi wake walimpa jina lililokuwa likitumika enzi hizo. Ukoo wa Murphy umetokana na mtu aitwaye Murchadh, jina lililounganishwa na maneno ya bahari na vita. Kama yeye mwenyewe aliwahi hata kupanda mashua, jina halisemi. Wajukuu wa mzee Juma nao hawakuzaliwa Ijumaa wote. Maswali yenye faida ni mengine: jina hili liliandikwaje kwa Kiayalandi? Ni la kaunti gani? Na ni mikono ya nani iliyolipotosha njiani? Ukishayajibu hayo, maana itakuja yenyewe, na utaijua ni ya kweli au ya kubahatisha.

Tazama kwanza kichwa cha jina. Viko viwili vikubwa, Mac na Ó. Mac ni mwana. Mkalenjin angesema arap, Mmaasai angesema ole. Ó, ambayo zamani iliandikwa Ua, ni mjukuu, na kwa upana zaidi ni mtu wa kizazi cha fulani. Mc ni ufupisho wa Mac, basi. Utasikia watu wakiapa kwamba Mc ni ya Ayalandi na Mac ni ya Scotland. Usiwasikilize, maana nchi zote mbili zimetumia zote mbili, na wakati mwingine mtu huyohuyo ameandikwa hivi leo na vile kesho. Ile ritifaa ya O'Brien na O'Connell nayo si ya Kiayalandi. Waayalandi huweka mkwaju juu ya herufi, Ó, kisha wanaacha nafasi: Ó Briain, Ó Conaill. Makarani walioandika kwa Kiingereza ndio waliougeuza mkwaju huo kuwa ritifaa, na ritifaa ikabaki.

Baada ya kichwa linafuata jina la babu, na hapo ndipo Ayalandi inapopendeza, kwa sababu mara nyingi babu huyo anajulikana kwa tarehe. Ukoo wa O'Brien umetoka kwa Mfalme Brian Bóruma, aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. O'Neill inamrudia Niall Glúndub, aliyeuawa na Waviking karibu na Dublin mwaka 919. McCarthy ni kizazi cha Cárthach, aliyekufa kwa kuunguzwa ndani ya nyumba mwaka 1045. Na katika kumbukumbu za mwaka 916 kimeandikwa kifo cha bwana mmoja wa eneo la Galway aitwaye Tigherneach Ua Cléirigh, ambaye jina lake huhesabiwa miongoni mwa majina ya ukoo ya kale kabisa Ulaya. Kabla ya hapo mtu aliitwa kwa jina la baba yake, na mtoto wake kwa jina la kwake, kila kizazi na jina jipya. Katika karne ya 10 na ya 11 jina likaanza kuganda. Kwa hiyo mtu wa leo aitwaye Mac Cárthaigh si mwana wa Cárthach. Cárthach ni babu wa mababu, na jina limesimama hapo alipo.

Sasa angalia jinsia, kwani hapa wageni wengi hupotea. Kwa Kiayalandi mwanamke hawezi kuwa Ó wala Mac, maana hayo ni ya kiume. Binti wa ukoo wa Ó anaitwa Ní, na binti wa ukoo wa Mac anaitwa Nic. Herufi inayofuata nayo mara nyingi hulainika. Chukua familia moja ya muziki kutoka Gaoth Dobhair, kaunti ya Donegal. Kwa Kiingereza wote ni Brennan. Kwa Kiayalandi kaka ni Ó Braonáin, na dada yake, ambaye dunia inamjua kwa jina la Enya, ni Eithne Ní Bhraonáin. Ile h iliyochomekwa baada ya B inaigeuza sauti iwe v au w. Mtu asiyejua atadhani ni koo mbili tofauti. Mke naye ana umbo lake: kwa Ó atakuwa Uí, kwa Mac atakuwa Mhic. Mary McAleese, rais wa Ayalandi kuanzia 1997 hadi 2011, kwa Kiayalandi ni Máire Mhic Ghiolla Íosa, yaani mke wa mtu wa ukoo wa Mac Giolla Íosa. Kwa hiyo ukikutana na Ní, Nic, Uí au Mhic kwenye jalada la kitabu au bango la tamasha, rudisha Ó au Mac mahali pake, ondoa ile h ya kulainisha, ndipo utafute.

Hiyo Giolla Íosa inatuingiza kwenye kundi lenye ladha yake. Giolla ni mtumishi, kama Abdi ilivyo kwetu katika Abdallah. Mac Giolla Íosa ni mwana wa mtumishi wa Yesu. McBride ni Mac Giolla Bhríde, mtumishi wa Mtakatifu Brigid. Gilmartin ni wa Mtakatifu Martin. Na Fitzpatrick, ijapokuwa limevaa vazi la Kinormani, ni Mac Giolla Phádraig, mtumishi wa Patrick. Neno la pili la namna hii ni Maol, mtu aliyenyolewa utosi kama mtawa, na kwa hiyo mfuasi. Malone ni Ó Maoil Eoin, kizazi cha mfuasi wa Mtakatifu Yohane. Ukiona jina la Kiingereza linaloanza na Gil au Mul, shuku kwanza kwamba kuna mtakatifu amejificha nyuma yake.

Majina ya kazi nayo yapo, lakini ni machache kuliko kwa Waingereza, na mengi ni ya kazi za heshima zilizorithiwa. Ward ni Mac an Bhaird, mwana wa malenga, wala hana uhusiano na mlinzi ambaye neno hilo linamaanisha kwa Kiingereza. Hickey ni Ó hÍceadha, kizazi cha tabibu. Watu wa ukoo huo walikuwa waganga wa akina O'Brien. Taggart ni Mac an tSagairt, mwana wa padri, na ndiyo, maana yake ni hiyohiyo unayoifikiria. Sheria ya useja ilichukua muda kushika mizizi huko.

Wageni waliingia kwa mawimbi mawili makubwa, na kila wimbi liliacha majina. Waviking waliacha majina yao ndani ya majina ya Kiayalandi. Doyle ni Ó Dubhghaill, kizazi cha "mgeni mweusi", kama Wadenmark walivyoitwa. McAuliffe ana Olaf ndani yake. Reynolds wa Leitrim ni Mac Raghnaill, kutoka jina la Kinorse. Wanormani walikuja mwaka 1169, wameitwa na mfalme wa Leinster aliyepinduliwa, Diarmait Mac Murchada. Wao walileta Fitz, ambayo ni mwana kwa Kifaransa chao, na humo ndimo lilimotoka FitzGerald. Walileta pia Burke, Power, Roche, na Butler, ambalo asili yake ni cheo: Theobald Walter alipewa kazi ya kusimamia mvinyo wa mfalme. Kilichofuata hakikutarajiwa na London. Wanormani wakaoa huko, wakajifunza lugha, wakajiita Mac. Ukoo wa Costello, ambao kwa Kiayalandi ni Mac Oisdealbhaigh, unatajwa kuwa wa kwanza wa Kinormani kufanya hivyo. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 1366, katika Sheria za Kilkenny, serikali ya Kiingereza iliwaamuru watu wake yenyewe waishio Ayalandi waache kutumia majina ya Kiayalandi.

Karne moja baadaye amri ikawageukia wenyeji. Sheria ya mwaka 1465 iliwataka Waayalandi wa kaunti za Dublin, Meath, Louth na Kildare wachukue majina ya Kiingereza ya mji, kama Trim au Cork, ya rangi, kama White au Brown, ya ufundi, kama Smith au Carpenter, au ya kazi, kama Cook. Sheria yenyewe haikufika mbali. Kilichoyabadilisha majina kwa wingi kilikuja katika karne ya 17 na ya 18, ardhi ilipochukuliwa, machifu wakavunjwa nguvu, na kila karatasi yenye thamani, iwe ya kodi, ya shamba au ya mahakama, ikaandikwa na karani asiyejua Kiayalandi. Ó na Mac zikadondoka kwa maelfu. Ó Ceallaigh akawa Kelly, Ó Murchadha akawa Murphy. Mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na vuguvugu la kufufua lugha, wengine walizirudisha. Ndiyo maana leo utakuta Sullivan na O'Sullivan ambao mababu zao walikuwa kitu kimoja, na kuwepo au kukosekana kwa O hakuthibitishi lolote.

Hapa kaa chonjo, kwa sababu karani huyo hakukata vichwa tu, alitafsiri pia, na mara nyingi alitafsiri ovyo. Mac Gabhann, mwana wa mhunzi, alifanywa Smith, na hiyo ni sawa. Lakini Mac Conraoi akafanywa King kwa sababu tu mwisho wa jina ulifanana na neno la mfalme. Wengine wakawa Rabbitte, sungura, kwa kuwa jina la babu lilisikika kama coinín. Thornton, ambalo ni Kiingereza kitupu ukilitazama, huko magharibi mara nyingi linaficha Ó Draighneáin, jina lenye mti wa miiba ndani yake. Jina moja la Kiayalandi linaweza kuzaa mengi: Mac Aodha amekuwa McHugh, McKay, Magee, McCoy na hata Hughes. Kinyume chake, Kiingereza kimoja kinafunika koo zisizojuana. O'Connor walikuwa wafalme wa Connacht, lakini wapo O'Connor wa Kerry na wa Offaly wenye babu wao wengine kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Sisi akina O'Connor ni wa kifalme," mpe hongera, kisha umuulize kijiji.

Mwaka 1894 ilichapishwa ripoti ya Robert Matheson kuhusu majina ya ukoo ya Ayalandi, iliyotumia vizazi vilivyosajiliwa mwaka 1890. Majina matano yaliyoongoza kwa wingi yalikuwa Murphy, Kelly, Sullivan, Walsh na Smith. Walsh ni Breathnach, mtu wa Wales, yaani uzao wa waliovuka bahari pamoja na Wanormani. Smith ni mchanganyiko wa Waingereza halisi na wahunzi waliotafsiriwa, hasa kutoka Cavan. Hakuna namna ya kumtenganisha mmoja na mwingine kwa kulitazama jina peke yake.

Ndiyo sababu kazi yenyewe ni ya kutafuta mahali. Majina mengi ya Kiayalandi bado yamerundikana yalikoanzia. Gallagher ni Donegal. O'Sullivan na McCarthy ni Cork na Kerry. McLaughlin ni Inishowen na Derry. Kelly wengi wanarudi Galway na Roscommon, Murphy ama Cork ama Wexford. Ryan wamejaa Tipperary na Limerick kiasi kwamba majirani huwapa majina ya kando, ya babu au ya shamba, ili barua zisipotee. Ukiwa na kaunti, umepunguza kazi kwa nusu; lakini unachohitaji hasa ni kitongoji. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vyenye nyumba chache tu, na kumbukumbu za zamani zimepangwa kwa vitongoji hivyo.

Anza na karatasi za nchi ambako familia ilihamia, kwani huko ndiko jina la kijiji linakoweza kuwa limeandikwa: cheti cha ndoa, kaburi, tangazo la kifo gazetini. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni, na wengi waliandika "Ireland" tu, bila zaidi. Usipoteze muda na hadithi kwamba jina lilibadilishwa na karani wa uhamiaji kule Ellis Island. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, na maofisa wake walifanya kazi kwa orodha zilizoandikwa tayari melini. Waliobadilisha majina mara nyingi ni wenyewe, baadaye, kwa sababu zao.

Ukishafika Ayalandi, fungua sensa za 1901 na 1911, ambazo zipo mtandaoni bure. Za kabla yake usizitafute sana: karibu zote za 1821 hadi 1851 ziliteketea Juni 30, 1922, jengo la kumbukumbu katika Four Courts mjini Dublin lilipolipuka na kuungua wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na zilizofuata serikali yenyewe haikuzihifadhi. Pengo hilo linazibwa na orodha mbili za kodi. Moja ni ya zaka ya kanisa, ya miaka ya 1823 hadi 1837. Nyingine, iitwayo ya Griffith, ya 1847 hadi 1864, inataja aliyeshika kila kipande cha ardhi na mwenye ardhi aliyemkodisha. Vizazi, ndoa na vifo vya watu wote vimesajiliwa tangu 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki tangu 1845. Madaftari ya ubatizo ya parokia za Kikatoliki, hadi kama mwaka 1880, yaliwekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa mwaka 2015. Hati zake za mkono zinatesa macho, na mengi yako kwa Kilatini, kwa hiyo James atakuwa Jacobus. Tafuta kwa kila tahajia unayoweza kuwaza: mwandishi aliandika alivyosikia, na mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma ili amsahihishe.

Kabla hujatoa pesa, neno moja kuhusu zile ngao za ukoo zinazouzwa zikiwa zimechapwa kwenye vikombe na fulana. Nembo za aina hiyo kwa kawaida alipewa mtu, si kila mwenye jina. Nunua kama pambo.

Mfano wa jinsi kazi hii inavyofanyika vizuri unatuhusu na sisi. Barack Obama ana babu wa mababu wa upande wa mama aitwaye Falmouth Kearney, kijana wa fundi viatu aliyeondoka kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, mwaka 1850, njaa ikiwa bado kali. Kilichosaidia kumpata si Kearney, ambao ni wengi, bali Falmouth, jina ambalo hakuna mwingine kijijini angelitumia kwa bahati. Kasisi wa Kianglikana wa eneo hilo akapekua madaftari ya zamani ya kanisa lake, na familia ikawamo. Kearney lenyewe linaweza kuwa Ó Cearnaigh, kutoka neno la ushindi, au Ó Catharnaigh, kutoka neno la vita, na tawi moja la hao wa pili lilipewa lakabu ya mbweha hadi sasa linaitwa Fox. Jina peke yake halichagui kati ya hayo mawili.

Obama alipozuru Dublin Mei 2011 aliutania umati kwamba amerudi nyumbani kutafuta ritifaa iliyopotea kwenye jina la ukoo wake. Wakacheka sana. Ritifaa hiyo, kama ulivyokwisha kuona, ni ya makarani wa Kiingereza. Na O ya Obama ni ya Kijaluo, ileile ya Otieno na Odhiambo, ambao dada zao huitwa Atieno na Adhiambo.